Raia ni Nani? Neno la Pwani Lilivyoishi Lodwar na Kakuma

Mwalimu mmoja anayefundisha Kiswahili katika shule ya msingi mjini Kakuma ameniletea swali ambalo nimekaa nalo wiki tatu. Darasa lake, anasema, lina watoto wa Kiturkana, watoto ambao wazazi wao walitoka Sudan Kusini, na watoto wa Kikongo ambao Kiswahili ndiyo lugha yao ya nyumbani. Aliwaagiza watunge sentensi kwa kutumia neno "raia". Mtoto wa Kiturkana akaandika: "Babu yangu ni raiya, ana mbuzi wengi." Wa Kikongo akaandika: "Askari walipiga raia, tukakimbia." Wa tatu, ambaye bila shaka alikuwa amekariri kitabu cha kiada, akaandika: "Raia wa Kenya ana kitambulisho." Mwalimu aliipa alama sentensi ya tatu, akaitilia shaka ya pili, akaikata ya kwanza kwa kalamu nyekundu. Halafu usiku usingizi ukampaa. "Profesa," ananiuliza, "je, nilimwonea yule mtoto?"

Ndiyo, mwalimu wangu, ulimwonea. Lakini usijilaumu sana, maana mimi nilikutangulia kulifanya kosa hilo hilo, tena na mwanafunzi mkubwa aliyekuja kujitetea mbele yangu na bado sikumsikia. Leo naomba ukumbi huu unipe nafasi ya kuungama, kisha nieleze kwa nini neno hili dogo linabeba historia nzima ya kaunti ile.

Nilifika Lodwar katikati ya miaka ya themanini, shahada yangu ya kwanza bado inanukia wino, nikiwa nimepangiwa kufundisha Kiswahili na historia katika shule ya upili. Kutoka Kitale tulipita Kapenguria, tukateremka Marich, tukapita Kainuk na Lokichar, na joto likawa linazidi kila tulipoukaribia Mto Turkwel. Siku za mwanzo nilisikia watu wakisema kwamba fulani hayupo, "ameenda Kenya". Nikauliza, kwani hapa ni wapi? Wakacheka, nami nikacheka, nikidhani ni mzaha wa kumkaribisha mgeni. Kumbe aliyeelewa kichekesho hicho hakuwa mimi.

Muhula wa pili niliwapa kidato cha pili insha yenye mada "Haki na Wajibu wa Raia". Nilitarajia yale ya kawaida: kupiga kura, kulipa ushuru, kuheshimu bendera, kulinda mali ya umma. Na wengi waliyaandika hayo, kwa sababu nilikuwa nimeyaandika ubaoni. Kijana mmoja alikwenda njia yake. Aliandika kwamba raia ana haki ya kuhama na mifugo yake mpaka Tarach wakati wa kiangazi bila kuzuiwa. Raia ana haki ya kuulizwa kabla askari hajachukua mbuzi. Wajibu wa raia, aliandika, ni kutoa angalau mtoto mmoja aende shule ili apatikane mtu wa kuwasomea wengine barua za serikali. Nilisoma, nikatikisa kichwa, nikaandika chini: "Umetoka nje ya mada." Nikampa sita kwa ishirini.

Akaja mezani kwangu na daftari lake. "Mwalimu, kwani raia ni nani?"

Nilichukua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile ya mwaka wa 1981 ambayo sisi vijana wa wakati huo tuliibeba kama hirizi, nikamsomea. Nikamwambia, "Raia ni wewe, na ni mimi."

Akaniangalia kwa adabu, kama mtu anayemhurumia mgeni. "Hapana, mwalimu. Mimi si raiya tena. Mimi ninasoma."

Niliwasimulia walimu wenzangu kisa hicho wakati wa chai tukacheka sana. Aliyekataa kucheka ni mzee mlinzi wa lango la shule, ambaye alikuwa amekaa karibu na mlango akinywa chai yake. Alisema, "Yule kijana amesema kweli. Hata mimi nilikuwa raiya. Siku nilipovaa kofia hii, nikaacha."

Sasa ebu tulifuate neno lenyewe lilikotoka. Kiswahili kilipata "raia" kutoka Kiarabu, na katika Kiarabu mzizi wake unahusu kuchunga. Anayechunga ni *rai*. Kinachochungwa, yaani kundi la kondoo au mbuzi, ni *raiya*. Kutoka malishoni neno likapanda mpaka kwenye utawala: mtawala akawa mchungaji, watu wake wakawa kundi. Wasomaji Waislamu wataikumbuka Hadithi mashuhuri inayomfananisha kila mwenye mamlaka na mchunga atakayeulizwa juu ya alichokichunga. Katika dola ya Waturuki wa Uthmaniya jamii iligawanywa mafungu mawili makubwa. Kulikuwa na wenye kutumikia dola kwa upanga na kalamu, ambao waliitwa kwa neno linalotokana na askari, na kulikuwa na wengine wote, wakulima, wachungaji, mafundi na wachuuzi, wenye kulipa kodi. Hao wa pili waliitwa *reaya*. Msomaji, tafadhali liweke hilo kando tu. Tutalihitaji tukifika Lodwar.

Pwani yetu iliyapokea maneno yote mawili, askari na raia, na yakawa yanakwenda pamoja kama jungu na kifuniko. Katika Zanzibar ya Masultani wa Busaidi, raia ni mtu aliye chini ya himaya ya Sultani. Halikuwa jambo la maneno matupu. Mtu akidaiwa au akishtakiwa, kuulizwa kwamba yeye ni raia wa nani, wa Sultani au wa dola fulani ya kigeni, ndiko kulikoamua ashtakiwe mbele ya hakimu gani. Na neno hilo lilikuwa na uzito hata shambani. Mwaka wa 1951 wakulima wa Kiembe Samaki, Unguja, waligoma kupeleka ng'ombe wao kuchanjwa kwa amri ya serikali, polisi wakafyatua risasi na watu wakafa. Wazanzibari wanakiita kisa hicho Vita vya Ng'ombe. Kutoka kwa wanavijiji hao kikazaliwa chama ambacho jina lake lenyewe liliwataja raia wa Sultani wa Zanzibar, na mwaka wa 1955 kikageuka kuwa kile tunachokijua kama Hizbu. Angalia basi: wafugaji wa kijijini wanajiita raia kwa kujivunia, na wanalitumia neno hilo kuikabili serikali. Mwanafunzi wangu wa Lodwar hakuwa peke yake, ila mimi wakati huo sikujua.

Neno lilifikaje ufuoni mwa ziwa, mamia ya kilomita kutoka baharini? Kiswahili chenyewe kilifika na misafara. Mhungaria Teleki na mwenzake von Höhnel, wanaosifiwa katika vitabu kwa "kuligundua" ziwa mnamo Machi 1888 (wenyeji waliokuwa wakinywa maji yake waliulizwa?), walikuwa wameanzia Pangani mwaka uliotangulia, na wapagazi wengi wa pwani na Zanzibar. Miongoni mwa walioufanya msafara ule uwezekane ni Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe wa Pangani aliyezijua njia za bara kuliko Wazungu wake. Ziwa likapewa jina la mwana wa mfalme wa Austria, Rudolf, na likakaa nalo hadi 1975 lilipoitwa Turkana. Lakini msafara wa pembe hauhitaji raia. Unahitaji maji, nyama, punda na mtu wa kuonyesha njia, kisha unaondoka. Neno "raia" linahitaji serikali inayokuja kukaa.

Serikali ilikuja na bunduki. Waturuki wa mambo haya, samahani, Waturkana, walipigana nayo kwa muda mrefu. Viongozi wa vita kama Ebei na waaguzi wao, wanaoitwa *ngimurok*, waliwasumbua Waingereza mpaka mwaka wa 1918 yakatumwa majeshi makubwa katika operesheni iliyoitwa Labur Patrol. Mifugo ilitekwa kwa maelfu kwa maelfu. Watu waliobaki walinyang'anywa silaha, na jirani zao wa mpaka wa Ethiopia, ambao hawakunyang'anywa, wakawashambulia wakiwa mikono mitupu. Mwanahistoria John Lamphear ameieleza habari hiyo vizuri katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1992. Nchi ilitawaliwa kijeshi kwa miaka kadhaa, na ni mwaka wa 1926 tu, ilipohamishwa kutoka Uganda na kutiwa Kenya, ndipo utawala wa kiraia ulipoanza. Lodwar ikawa makao ya wilaya.

Lugha ya majeshi hayo, kikosi cha KAR, ilikuwa Kiswahili. Kiswahili cha kambini, chenye amri nyingi na methali chache. Ukitaka kujua Waturkana walikutana na serikali katika kipindi gani, usiende kwanza kwenye nyaraka. Sikiliza wanavyoongea hadi leo. Fedha kwa Kiturkana ni *ngaropiyae*. Ni rupia hiyo! Rupia iliondolewa katika Afrika Mashariki mnamo 1920, ikafuatwa na florini iliyokaa kwa muda mfupi tu, kisha shilingi ambayo tumekaa nayo karne nzima. Watoto wa Lodwar wanaotuma hela kwa simu leo wanataja sarafu ambayo babu ya babu zao aliiona mikononi mwa karani. Mzungu ni *emusugut*. Na yule mtu ambaye si mzungu, si askari, si karani, si mkalimani, si mpishi wa ofisa, yule anayechunga mifugo yake huko nje na kujulikana na serikali wakati wa kodi tu, huyo ni *raiya*.

Mnaliona hilo? Mgawanyo wa Waturuki wa Uthmaniya, askari upande huu na raia upande ule, ulitua kando ya Mto Turkwel ukiwa mzima. Hakuna aliyeupanga. Ulisafiri ndani ya maneno mawili. Na ajabu kubwa zaidi, kwa mtu anayependa etimolojia, ni kwamba neno lililoanza kwa maana ya kundi la mifugo lilikwenda kuzunguka kasri za wafalme na kurudi kumwangukia mchungaji halisi, mwenye ngamia, ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda.

Baadaye ikaja shule, na Kiturkana kikaunda jina la kundi la pili: *ngikasomak*, yaani wasomi, walioingia darasani. Msomaji mwepesi wa masikio atasikia "kusoma" katikati ya neno hilo. Kwa hiyo jozi ya askari na raia ikapata ndugu yake, msomi na raiya, na mipaka ya jozi zote mbili ilijengwa kwa Kiswahili. Lugha yenyewe ya Waturkana ilikuwa na majina ya kutosha ya koo, marika na maeneo. Kitu ambacho haikuwa nacho, kwa sababu hakikuwapo, ni jina la mtu asiye wa serikali. Mtu huhitaji jina hilo pale serikali inapokuwapo. Mwanaanthropolojia Cory Rodgers, aliyefanya utafiti Turkana katika miaka ya karibuni, ameandika kwa kina jinsi watu wanavyolitumia neno *raiya* kujitambulisha na kutambulisha wengine. Nilipomsoma nilikumbuka kalamu yangu nyekundu.

Tusidhani kwamba neno hili ni tusi. Mjini Lodwar nimelisikia likitumiwa kumcheka mtu aliyeogopa kuvuka barabara, ndiyo. Lakini nimelisikia pia likisemwa kwa heshima, hata kwa kijicho: yule ni raiya, ana mifugo, hadanganyi, ukifika kwake hulali njaa. Mzee anayetembea na fimbo na *ekicholong*, kile kigoda kidogo anachokikalia mchana na kukilalia kichwa usiku, akikwambia "mimi ni raiya" hasemi kwamba yeye ni duni. Anakwambia kwamba anajitegemea. Anayedharauliwa zaidi siku hizi, kwa masikio yangu, ni mtu wa katikati: aliyeacha mifugo na shule ikamwacha.

Utawala wa kikoloni uliifunga nchi hiyo. Kwa sheria za wilaya zilizofungwa, ya mwaka wa 1902 na ile ya 1934, mtu wa nje hakuingia bila kibali, na wenyeji nao hawakutoka wapendavyo. Ndiyo sababu Waingereza walipotafuta mahali pa kumficha Jomo Kenyatta na wenzake baada ya kesi ya Kapenguria, walichagua Lokitaung, kaskazini kabisa. Mwaka wa 1959 Kenyatta akaletwa Lodwar, akakaa hapo mpaka alipohamishiwa Maralal mnamo 1961. Nyumba aliyokaa bado ipo. Nilikuwa nikiwapeleka wanafunzi wangu kuiona, na nikiwaambia kwa fahari kwamba hapa ndipo baba wa taifa alipoishi. Sikuwahi kuwauliza swali rahisi: serikali huweka wafungwa wake wapi? Huwaweka pale inapodhani kwamba ni nje.

Uhuru ulipokuja, wanasiasa walilipenda neno "wananchi". Nadhani nina haki ya kusema kwamba lilipendwa kwa sababu "raia" lilinuka ukoloni kidogo. Mwananchi ni mwana wa nchi, raia ni mtu wa mtu. Lakini mwananchi wa Turkana alipata nini tofauti na raia wa jana? Waraka wa Kikao Nambari 10 wa 1965 uliamua fedha za maendeleo zipelekwe kwanza kwenye maeneo yenye ardhi na mvua za kuzalisha haraka. Turkana haikuwa nayo. Iliachiwa wamishonari, ambao walifika kwa wingi kuanzia 1961 wakati wa njaa kali, na mashirika ya misaada. Ukame wa 1980 Waturkana waliuita *Lopiar*, ufagio uliofagia kila kitu. Maelfu wakapanga foleni za mahindi. Huko Kalokol, ufuoni, Wanorway walijenga kiwanda cha kugandisha samaki kwa ajili ya watu waliopoteza mifugo. Ghuba ikakauka, kiwanda kikabaki jengo. Wale waliosema "ameenda Kenya" walikuwa wanataja umbali ambao haupimwi kwa kilomita.

Na hapo ndipo tunafika Kakuma, takriban kilomita 120 kutoka Lodwar. Kwanza niondoe uongo mmoja. Magazeti na vitabu vya nje vimerudia mara nyingi kwamba "Kakuma" ni neno la Kiswahili lenye maana ya "hapana mahali". Nimefundisha Kiswahili miaka yangu yote na sijawahi kukutana na neno hilo katika kamusi wala kinywani mwa Mswahili. Jina ni la wenyeji. Na pale hapakuwa "hapana mahali" hata kidogo. Kakuma iko kwenye bonde la mto Tarach, na ni bonde hilo hilo ambalo simulizi za Waturkana zinasema wahenga wao walilifuata waliposhuka kutoka kwa ndugu zao Wajie wa Uganda, kwenye kisa cha mama Nayece na fahali aliyepotea. Kumwambia Mturkana kwamba Tarach ni pasipo mahali ni sawa na kumwambia Mwamu kwamba Lamu ni mchanga tu.

Kambi ilianzishwa mwaka wa 1992, baada ya kuwasili kwa maelfu ya wavulana wa Sudan waliokuwa wametembea hadi Ethiopia na kutimuliwa tena. Wakafuata Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi. Makazi ya Kalobeyei yakaongezwa mnamo 2016. Leo pamoja wanakaribia 300,000, katika kaunti ambayo sensa ya 2019 iliihesabia watu 926,976. Shule zinafuata mtaala wa Kenya, kwa hiyo mtoto wa Kidinka anafanya mtihani wa ngeli za Kiswahili sawasawa na mtoto wa Voi.

Mtoto wa Kikongo, yule wa sentensi ya pili, amekuja na "raia" wake mwenyewe. Kiswahili cha mashariki ya Kongo kilienezwa kwanza na misafara ya pwani, kikakuzwa na utawala wa Wabelgiji na jeshi lao, na huko nako raia ni asiyeshika bunduki. Angalau hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kusini mwa Kivu lilizuka kundi lililojiita Raia Mutomboki, raia wenye hasira, watu wa vijijini waliosema kwamba kwa kuwa askari hawatulindi, tutajilinda. Wakashika silaha, na jina likabaki lile lile. Sasa fikiria mtoto wa mkimbizi wa Kivu anaposikia "raia". Anasikia waliopigwa, na pengine anasikia pia waliopiga. Mwalimu wangu, sentensi yake haina shaka yoyote. Kisarufi iko safi, na kimaana inajua zaidi ya kitabu.

Jambo linalonikera zaidi kuhusu Kakuma ni jinsi maana hizi zinavyogongana kwenye dirisha la ofisi. Mkimbizi anatambuliwa na karatasi: ana kadi, ana nambari, ana siku ya mgao. Mchungaji wa Kiturkana anayeishi mita chache kutoka uzio hana kadi hiyo, na wengi wa wazee wa vijijini walichelewa sana kupata kitambulisho cha taifa kwa sababu ofisi ya usajili iko mbali na malisho. Mashirika yanamwita "jamii ya wenyeji". Yeye anajiita raiya. Nimewahi kukaa kwenye mkutano ambapo karani aliuliza kwa kipaza sauti, "Hapa raia ni wangapi?" akimaanisha Wakenya ikilinganishwa na wakimbizi. Wazee wenye fimbo wakainua mikono. Vijana wa Kiturkana wenye suruali na simu, ambao ni Wakenya kamili, hawakuinua. Karani akaandika nambari yake, akafunga daftari. Nambari hiyo iko mahali fulani kwenye ripoti.

Haya si mambo ya kuchekesha tu. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 na mpango wa serikali ulioitwa Shirika, uliozinduliwa mwaka wa 2025, vinakusudia kuwaondoa watu kwenye maisha ya kambi na kuwaweka pamoja na wenyeji. Jina limechaguliwa vizuri. Kushirika ni neno zuri. Lakini mikutano ya kuueleza mpango kama huo hufanywa kwa Kiswahili, na katika Kiswahili hicho neno "raia" lina watu watatu ndani yake. Ukimwambia mzee wa Tarach kwamba "haki za raia zitalindwa", amesikia ahadi juu ya maji na malisho. Ukimwambia mkimbizi maneno hayo hayo, amesikia kwamba hakutajwa, au amesikia kwamba askari hawatampiga. Ofisa aliyesema alikuwa anafikiria Sura ya Tatu ya Katiba. Wote watatu watarudi nyumbani wakiwa wameelewa, na ugomvi utaanza mwaka ujao.

Kuna jambo jingine ambalo siwezi kulinyamazia. Mkimbizi wa Kakuma, kwa miaka mingi, amehitaji kibali ili atoke kwenda Kitale au Nairobi. Wazee wa Lodwar wanaokumbuka wilaya iliyofungwa wanaijua karatasi hiyo. Yaani kile walichofanyiwa wao zamani wakiwa "raia" wa himaya, wanaishi kukiona akifanyiwa jirani yao kwa sababu yeye si raia. Mzee mmoja pale Kakuma aliniambia, "Hawa ni kama sisi zamani. Lakini wao wanapewa unga." Alisema hivyo bila chuki, kama anavyosoma hali ya hewa, akaomba nimwongezee chai.

Basi nirudi kwenye daftari, maana mwalimu ananisubiri. Usimkate mtoto wa Kiturkana. Andika pembeni kwa kalamu ya kawaida kwamba katika mtihani wa taifa neno hili lina maana ya mtu mwenye haki za nchi, na kwamba tahajia yake ni "raia". Hilo ni la lazima, kwa sababu mtihani hautamsamehe na wewe ndiye utakayekuwa umemwangusha. Lakini usimwambie kwamba babu yake amekosea. Kisha, ukipata kipindi kimoja cha ziada, wasomee darasa zima sentensi zote tatu na uwaulize watoto wenyewe kila mwandishi alimaanisha nani. Watakufundisha wewe, kama nilivyofundishwa mimi nikakataa.

Yule kijana wa kidato cha pili sikumwona tena baada ya kuhamishwa Lodwar. Ningekuwa na daftari lake leo ningempa kumi na sita kwa ishirini. Nne ningezikata, kwa sababu aliandika "raiya" kwa *y* katika aya mbili za kwanza na bila *y* katika ya tatu.